Barua kwa Rehema kuhusu taji la Dunnottar

Aberdeen

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi baada ya kimya kirefu. Natumaini wewe na wa nyumbani hamjambo; mimi sijambo, isipokuwa baridi ya huku haina adabu hata mwezi wa tano. Saumu ameniarifu kwamba kikundi chenu cha maigizo kinatafuta kisa kipya, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu, kwa kuwa kisa ninacho.

Kusini ya hapa, karibu na mji wa Stonehaven, yapo magofu ya ngome iitwayo Dunnottar. Imejengwa juu ya jabali lililochomoza baharini, lenye kimo cha mita 50 hivi, na anayetaka kuingia hana budi kuteremka kwanza hadi bondeni, kisha aanze kupanda ngazi kuelekea langoni, jambo ambalo magoti yangu hayajanisamehe. Ukoo wa Keith, wenye cheo cha Earl Marischal, uliimiliki kwa karne nyingi. Mengi yametokea pale, lakini lililonikaa moyoni ni la taji.

Charles wa Pili alitawazwa kuwa mfalme wa Uskoti tarehe 1 Januari 1651. Watu wa Oliver Cromwell, jemadari wa Uingereza aliyeupinga ufalme, ambao walikuwa wamekwisha kuyayeyusha mataji ya Uingereza, wakawa wanalisaka na hili la Uskoti, pamoja na upanga na fimbo ya kifalme, navyo vikapelekwa Dunnottar. Ngome ikazingirwa kwa miezi kadhaa, mpaka mizinga mikubwa ilipoletwa na kamanda wake, George Ogilvie, akasalimu amri Mei 1652. Washindi wakaingia, wakapekua kila chumba, wasione kitu.

Vilikuwa vimekwisha kutoka, na waliovitoa ni wanawake. Simulizi moja husema kwamba Christian Fletcher, mke wa mchungaji James Grainger wa kijiji cha Kinneff, aliruhusiwa kumtembelea mke wa Ogilvie, akapita katikati ya askari akiwa na taji ndani ya nguo zake, na upanga na fimbo vikiwa vimefichwa katika mafungu ya kitani. Nyingine husema viliteremshwa kwa kamba upande wa bahari, vikapokewa na mtumishi wa kike aliyejifanya anaokota mwani. Mwani, Rehema, kama wanawake wa Paje, ila huyu kapuni mwake mna ufalme mzima! Kwa jukwaa naipendelea hii ya pili, ingawa ujasiri wa kumtazama askari usoni huku umebeba taji, huo nao… basi, utaamua wewe. Njia zote mbili ziliishia Kinneff, ambako mchungaji alivizika chini ya sakafu ya kanisa, vikakaa humo hadi mfalme aliporudi kutoka uhamishoni mwaka 1660.

Linaloniudhi ni malipo. John Keith, mdogo wake Earl Marischal, ambaye kazi yake ilikuwa kusafiri Ufaransa ili idhaniwe kwamba yeye ndiye aliyevichukua, alipewa vyeo hadi akawa Earl wa Kintore. Ogilvie akafanywa baronet, cheo cha heima cha kurithiwa. Christian Fletcher aliidhinishiwa na bunge merk 2,000, sarafu ya Uskoti ya zamani, yaani fedha tu bila cheo. Na yule wa mwani, simulizi humwita mtumishi tu. Nimelirudia hili mara nyingi kichwani, nami naona ndipo mchezo wenyewe unapoanzia, si kwenye mizinga ambayo kaka yako atataka iwe mingi.

Sasa niambie: je, mnaweza kuigiza simulizi zote mbili katika onyesho moja, wahusika wakibishana ni ipi ya kweli? Nani atakuwa Christian, Saumu au yule binti wa Pongwe mwenye sauti nzito? Mtumishi mtampa jina, au mtamwacha vivyo hivyo? Na je, picha za jabali nikutumie wewe, au nimtumie moja kwa moja mchoraji wenu wa mapazia, ambaye najua hajibu ujumbe wa mtu?

Wasalimie wote, na Mama umwambie ile chai nimeipata.

Wako,
Idi