Mjusi wa Tendaguru Hakustahili Kuwekwa Nyuma ya Pazia

Mhariri,

Nimekuwa nikinunua gazeti lako tangu enzi linauzwa kwenye kibanda kimoja tu hapa stendi ya Lindi, na miaka yote hiyo sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Leo nimeshindwa kunyamaza. Ni ile habari yenu ya maonyesho ya dinosaria, wale wanyama wa kale, waliokunjwa kwa karatasi kule Dar es Salaam, yenye picha kubwa ya Tyrannosaurus, yule mla nyama, mwekundu na maelezo kwamba hao ndio wanyama waliotamba katika ardhi yetu. Ardhi ipi, Mhariri? Tyrannosaurus aliishi Amerika Kaskazini. Huku hakukanyaga.

Mimi siku ile nilikuwepo. Nilipanda basi la alfajiri kutoka Lindi na wanafunzi wawili wa klabu yetu ya origami, yaani sanaa ya kukunja karatasi, mmoja amepakata boksi la sabuni njia nzima, hataki hata kusikia habari ya kuliweka kwenye buti. Ndani ya boksi mlikuwa na mjusi wetu wa Tendaguru. Ndivyo tunavyomwita huku dinosaria mkubwa wa shingo ndefu ambaye mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, mkoani kwetu Lindi, ingawa wataalamu wanamwita Giraffatitan. Watoto walimkunja kwa wiki sita kutokana na karatasi moja ya kaki, bila mkasi wala gundi. Shingo ndiyo iliyowatoa jasho. Kona moja ya mraba inatoa shingo na kichwa, kona inayoikabili inatoa mkia, na miguu inatafutwa pembeni. Ukiwa mkarimu kwa shingo, miguu inabaki njiti. Karatasi nne zilipasuka begani kabla ya ya tano kukubali. Halafu kuna jambo la miguu yenyewe: ya mbele lazima iwe mirefu kuliko ya nyuma, mgongo uteremke kuelekea mkiani kama wa twiga. Msichana wa darasa la sita ndiye aliyepata dawa yake, akazikunja nyayo za nyuma kwenda ndani mara mbili, na mnyama akasimama.

Kijana wa mapokezi alitupokea vizuri, akaniamkia shikamoo, akapekua makaratasi yake. "Mwalimu, huyu hayumo kwenye orodha. Sasa tumwandike nani?" Nikamtajia jina herufi kwa herufi. Akasema amweke dirishani kwa muda, wataangalia. Saa nane mchana nikamkuta nyuma ya pazia, hana hata kibandiko, shingo imepinda kwa kuegemezwa kwenye kioo, na ubavuni kwake mtu ameweka chupa ya soda inayotoa jasho. Mguu mmoja ulikuwa umeshalowa. Mtoto aliyempakata tangu Lindi hakusema neno. Alikaa chini sakafuni, akainyoosha ile shingo kwa ukucha wa kidole gumba, mkunjo kwa mkunjo, akamrudisha ndani ya boksi.

Na wakati huohuo, Mhariri, katikati ya ukumbi, juu ya meza yenye kitambaa cheupe, amesimama mnyama wa shingo ndefu wa karatasi ya kijani, na kibandiko chake kinasema: Brachiosaurus, Marekani. Miguu yake ya nyuma ni mirefu kuliko ya mbele! Jina lenyewe la Brachiosaurus limetokana na mkono, kwa sababu mfupa wake wa mkono ni mrefu ajabu, na waandaaji wamemkunja kinyume. Tena huyo wa Marekani alipewa jina mwaka 1903 kwa mifupa michache tu iliyochimbwa Colorado. Ile sura ambayo dunia nzima iliijua kwa miaka mingi kwa jina la Brachiosaurus, shingo imepaa, mabega yamepanda juu, ilichukuliwa kwa mnyama wa Tendaguru, ambaye Mjerumani Werner Janensch alimpa jina hilohilo mwaka 1914, kabla wataalamu hawajawatenganisha. Amesimamishwa katika makumbusho ya Berlin tangu 1937, kimo chake mita 13.27. Mifupa ile ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, miaka michache tu baada ya Maji Maji, na wazee wetu wa huku ndio walioshika majembe. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Mizigo ikabebwa vichwani na mabegani kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, na jumla ya kilichosafirishwa inapita tani 200. Sasa mtoto wa Lindi anasafiri hadi Dar es Salaam na mnyama aliyepitia bandari ya kwao, anaambiwa hayumo kwenye orodha! Stegosaurus, wale wa Marekani wenye mabamba mgongoni, walikuwepo watatu, nimewahesabu mwenyewe. Kentrosaurus wetu, ambaye mgongo wake umeanza na mabamba ukamalizia na miiba hadi ncha ya mkia, hakuwepo hata mmoja.

Halafu vibandiko vyote vilikuwa Kiingereza kitupu. Wanafunzi wangu wanasoma Kiswahili tangu darasa la kwanza, na niliwaona watoto wa shule nyingine pia wakipita mezani wanatazama picha tu, hakuna anayesoma. Kuandika "alikula majani, aliishi miaka milioni 150 iliyopita" kunahitaji wino kiasi gani? Nimeliona hilo hata katika kumbi nyingine za makumbusho, na kila nikiuliza naambiwa wageni ndio wanaokuja. Wenyeji hawaji, Mhariri, kwa sababu wakija hawaelewi kitu.

Suala la kumrudisha mjusi kutoka Ujerumani limefika hadi bungeni, na sipingi wanaolidai. Lakini karatasi haihitaji kusubiri mazungumzo ya serikali mbili. Na asiniambie mtu kwamba karatasi ni ya kuchezea watoto: Mjapani Issei Yoshino alibuni kiunzi kizima cha mifupa ya Tyrannosaurus kwa karatasi 21 za mraba, kila mfupa mahali pake.

Kwa hiyo maonyesho yajayo nataka yafanyike hivi. Mjusi wa Tendaguru akunjwe kwa kipimo cha moja kwa kumi. Atafika mita 1 na sentimita 33, kimo cha mtoto wa darasa la tatu, na mtoto ataweza kusimama naye uso kwa uso. Karatasi iwe ya kaki nzito, ilowanishwe kidogo kwa uji mwepesi wa muhogo wakati wa kukunja, ikikauka inashika umbo, haipindi shingo. Pembeni yake akae Kentrosaurus, kwa kipimo hichohicho. Kibandiko kiwe cha Kiswahili, herufi kubwa, kitaje Tendaguru, Lindi, na jina la Boheti bin Amrani liandikwe juu ya la Janensch. Na ninyi gazetini mrekebishe yale maelezo ya picha.

Kaki ninayo mabunda mawili. Watoto wako tayari Jumamosi yoyote, na yule msichana wa nyayo za nyuma ameshaanza kupima mabega.

Mwalimu mstaafu,
Lindi