Asante, mama wa Uyole

Mama uliyekaa nasi Mwanjelwa, Mbeya, na daftari lako la mistari, jina hukutaka tulitaje, basi pokea shukrani zetu hivyo hivyo. Wengi humwambia aliyechoshwa na kazi, "Pumzika, yataisha." Wewe ulianza na sheria ya ajira ya Tanzania ya 2004: likizo ya mwaka siku 28, ya ugonjwa siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili, zinazobaki kwa nusu. Kwa hiyo cheti cha daktari kwanza. Anayetanguliza barua ya kuacha kazi anaipoteza hiyo likizo ya ugonjwa, na inauma kweli.

Kisha ukaugawa ukurasa: kushoto kazi zinazomkausha mtu, kulia zile anazozimaliza akiwa bado na hamu. Kazi mpya itafutwe upande wa kulia. Kurudi kazini ni taratibu, nusu siku kwanza, simu ya ofisi ikizimwa jioni. Wengi huanguka tena wakishapata nafuu, maana ndipo hukubali kila wanachoombwa. Kisheria saa za kawaida za kazi hazizidi 45 kwa wiki. Zisomwe kwenye mkataba kabla ya kusaini.

Hata nauli ulikataa. Mungu akuzidishie, mama.