Anayeidhinisha malipo aonyeshwe ankara yenyewe

Mhariri,

Kampuni kadhaa hapa Nairobi zimeanza kukabidhi kazi za ofisini kwa programu za akili unde ziitwazo mawakala (simaanishi wakala wa M-Pesa wa kibandani), ambazo haziishii kujibu maswali bali husoma barua pepe, huandaa malipo na kuyatuma. Kila tunapouliza kuhusu usalama wake, tunaambiwa tuondoe shaka kwa kuwa hakuna shilingi inayotoka kabla binadamu hajabonyeza kitufe cha kuidhinisha. Mimi ni mmoja wa binadamu hao, nami naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kazi hiyo ilivyo.

Ijumaa moja ya mwisho wa mwezi, nikiwa mezani kwangu Eneo la Viwanda, nililetewa maombi 63 ya malipo kati ya saa tisa na saa kumi na moja jioni. Kila ombi lilikuwa na mistari miwili tu: jina la msambazaji, kiasi cha pesa, na maneno "hakuna kasoro". Mojawapo lilikuwa la Sh186,400 kwa mtu anayetuuzia maboksi, ambaye tumefanya naye biashara miaka mingi. Kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe wakati mama wa stoo, aliyekuja kwa shughuli nyingine kabisa, alipochungulia skrini na kusema kwamba maboksi hayajaletwa mwezi huu. Tulipoifungua ankara tulikuta nambari ya akaunti ni mpya, nayo ilikuwa imebadilishwa kwa kufuata barua pepe ambayo msambazaji wetu hakuituma.

Kilichonishtua zaidi ni kwamba programu iliyodanganywa ndiyo iliyoniandikia muhtasari. Inafahamika kwamba maneno yaliyopenyezwa ndani ya barua pepe au waraka yanaweza kumfanya wakala wa aina hii akiuke maagizo ya mwenye kampuni, kwa hivyo anayeidhinisha kwa kusoma maelezo ya wakala peke yake anatazama kwa macho ya aliyekwisha kuhadaiwa. Enzi za hundi, vocha ya malipo ililetwa ikiwa imebanwa pamoja na LPO (hati ya kuagizia bidhaa), ankara na hati ya kupokelea mzigo, na aliyetia sahihi ya pili hakuwa yule aliyeiandaa. Hata anayetuma mia mbili kwa M-Pesa huonyeshwa jina la mpokeaji ili aweze kusitisha akiona si lenyewe.

Siombi kwamba kila hatua ipitie kwangu, maana wingi huo ndio uliotupofusha. Wakala atafute kumbukumbu na kuandika rasimu bila kunisumbua, lakini asimame panapohusu jambo lisilorudishika: pesa kuondoka, data kufutwa, mkataba kutumwa, au akaunti ya msambazaji kubadilishwa. Ninachokiidhinisha kiwe ndicho kitakachotekelezwa, na kikibadilika hata tarakimu moja, idhini yangu ife. Kisha kuna hili la kimya: katika mfumo wetu, ombi lisilojibiwa kwa nusu saa hujipitisha lenyewe, kana kwamba mtu aliyekwenda msalani amekubali.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, katika kifungu cha 35, inampa mwananchi haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito unaotegemea mashine pekee, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Sidhani waliotunga kifungu hicho walimfikiria karani anayebonyeza mara 63 kwa saa mbili. Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu akili unde, iliyopitishwa mwaka 2024, inataka wasimamizi wa mifumo yenye hatari kubwa wawezeshwe kutambua hatari ya kuiamini mashine kupita kiasi, na wawe na uwezo wa kuipuuza au kuisimamisha. Kwetu kitufe cha kukataa kipo, ila kila ukikibonyeza unadaiwa maelezo ya maandishi. Anayekubali hadaiwi chochote.

Nimemwandikia meneja wetu nikiomba ankara ionekane kando ya kitufe, na kukataa kusidaiwe maelezo zaidi kuliko kukubali. Amenijibu kwamba hilo litapunguza kasi ya kazi. Nimemrudishia jibu kwamba ndivyo ninavyokusudia, na hadi ninapoandika barua hii sijasikia kutoka kwake.

Karani wa malipo,
Eneo la Viwanda, Nairobi