Ruzuku za utafiti ziwafikie na wanaouguza majumbani

Ndugu Mhariri,

Mimi ni muuguzi wa kituo cha afya mkoani Tanga. Kwa miaka minne nimekuwa nikiandika kwenye kaunta buku habari za wagonjwa wa kiharusi tunaowaruhusu kurudi nyumbani: nani anamhudumia, anageuzwa mara ngapi, kidonda cha mgongoni kilianza siku ya ngapi.

Ndugu huwa tunawaelekeza mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili. Lakini kwenye nyumba yenye mama mmoja, watoto wadogo na maji ya kununua kwa ndoo, ni nani wa kuamka namna hiyo usiku kucha? Mama mmoja alinionyesha godoro la sponji alilolikata tundu pale makalio ya mumewe yanapolala. Chuoni tulikatazwa kumlaza mgonjwa juu ya kitu chenye tundu. Mume wake hakupata kidonda hata kimoja. Je, ni godoro lile, au ni mikono ya mama yule isiyochoka? Hilo ni swali la utafiti, na linahitaji jibu.

Nilijaribu kuomba ruzuku. Tangazo lilinifikia kwa WhatsApp zikiwa zimebaki siku sita dirisha la maombi lifungwe. Andiko lilitakiwa liwe la Kiingereza, mtafiti mkuu awe na shahada ya uzamivu, na taasisi iwe na hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu. Msomi niliyemwomba msaada alinishauri kwa nia njema nichomeke malaria kwenye andiko, maana pesa ziko huko.

Siibezi malaria. Utafiti wa vyandarua uliofanywa Kilombero na Ulanga, kwa sehemu kubwa kwa fedha za Waswisi, ulionyesha kwamba chandarua chenye dawa kinaokoa watoto. Mwaka 2004 wajawazito wakaanza kupewa hati punguzo, karatasi ya kununulia chandarua kwa bei nafuu. Wasomaji wengi wanaikumbuka karatasi ile. Utafiti ukilipiwa, unafika mpaka kitandani.

Ila utafiti wa uuguzi wa nyumbani hauna mwenyewe. Tangu Januari 2022 afya iko wizara moja na ustawi wa jamii uko nyingine, na mgonjwa wangu yuko kwenye zote mbili. Uingereza, taasisi ya serikali inayogharamia utafiti wa afya, NIHR, mwaka huohuo wa 2022 iliongeza neno "huduma" katika jina lake, na ina fedha zilizotengwa kwa ajili ya utafiti wa ustawi na matunzo. Tusitegemee kwamba fedha za aina hiyo zitatujia kutoka nje. Serikali ya Uingereza yenyewe imetangaza kushusha misaada yake hadi asilimia 0.3 ya pato la taifa ifikapo 2027, na Marekani ilianza kukata ya kwake mapema 2025.

Mwaka 2008, kule Algiers, mawaziri wa afya wa Afrika waliafikiana kutenga angalau asilimia 2 ya bajeti ya afya kwa utafiti. Naiomba Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na wizara zote mbili zitoe sehemu ya fedha za utafiti zifungue dirisha dogo la watumishi wa vituo vya afya na maofisa ustawi wa jamii. Andiko lipokelewe kwa Kiswahili, kurasa tano zinatosha. Tangazo libandikwe halmashauri miezi mitatu kabla. Mwenye shahada ya uzamivu awe mlezi wa utafiti, asiwe ndiye mlango wa kuingilia.

Mimi nahitaji nauli ya bodaboda kwa wahudumu watatu wa ngazi ya jamii kwa mwaka mmoja, ada ya kibali cha maadili, na mtakwimu wa wiki mbili. Kaunta buku ya tatu imebakiza kurasa chache, na yule mama bado anamgeuza mumewe.

Muuguzi,
Tanga