Asante, mama wa sauti ya pili

Mama, jina lako sikulipata, lakini shukrani hizi ni zako. Siku kwaya ilipojifunza wimbo wa taifa wa Wacheki, mimi nilikuwa natamka tu maneno nisiyoyaelewa. Ukanisogezea karatasi yako, na chini ya kila mstari ulikuwa umeandika maana kwa penseli: maji yanavuma malishoni, misonobari inavuma majabalini, maua yanameremeta bustanini.

Kumbe wimbo wenyewe unaanza kwa kuuliza, nyumbani kwangu ni wapi? Na jibu lake ni mito, miti na maua. Hakuna vita wala mfalme katika ubeti ule. Ulinieleza kwamba ulitungwa mwaka 1834 kwa ajili ya mchezo wa jukwaani, maneno ya Josef Kajetán Tyl na muziki wa František Škroup, na kwamba katika mchezo huo anayeuimba ni mpiga fidla kipofu. Hapo nilisisimka mwili mzima. Mtu asiyeona anaisifia nchi yake kwa uzuri wa namna ile!

Tena ukaninong'oneza nisiuimbe kama gwaride, niuache utiririke, nivute pumzi kabla ya kuyataja maji. Kwa kweli nyimbo za kusifia nchi huharibiwa sana na kelele, na wewe uliliona hilo kabla ya mwalimu kusema.

Mungu akujalie afya njema na akuzidishie pale ulipopunguza kwa ajili yangu. Asante sana, mama.