Si kila kitu fursa: barua kwa vijana wa mtaa wetu, Ngamiani, Tanga

Wanangu na wajukuu zangu wa hapa mtaani, na nyie mliohamia Dar mkabaki kwenye grupu la wasap tu,

Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Sijambo, magoti ndo yaleyale. Naandika nikiwa nimekasirika, sitaki kujifanya. Barua hii nimeianza mara tatu nikafuta kwa sababu maneno yaliyokuwa yanakuja kwanza si ya kuandika, na mimi nimefundisha darasa la kwanza miaka 31, siwezi kuanza kutukana uzeeni.

Kilichonikasirisha mnakijua. Yule binti wa nyumba ya pili, simtaji jina maana kashaumbuka vya kutosha, mwezi uliopita wamekuja watu na kirikuu saa nne asubuhi wakabeba oveni, wakabeba mikisa, wakabeba na friji ambayo wala haikuwa ya kwake, ilikuwa ya mamake. Mtaa mzima tumekaa barazani tunaangalia. Wengine mlitoa simu mkachukua video, na nyie nawajua, nitafika kwenu.

Sasa nataka niwakumbushe mambo yalivyoanza, maana naona kila mtu anaongea kama mtoto yule alizaliwa na deni.

Alianza kuja kwangu akiwa darasa la sita. Akitoka chuoni, madrasa, jioni anapitia kwangu kunikunia nazi. Hakuna aliyemtuma, alikuwa anapenda tu kukaa juu ya mbuzi na kusikiliza stori zangu. Ndo akajifunza mkate wa kumimina. Na nyie mnaosema mkate wa kumimina ni kitu rahisi, njooni tuone. Mchele unalala kwenye maji usiku kucha, asubuhi unauchuja, unausaga na tui zito, hamira, sukari na hiliki, ukishalainika unauacha. Hapo kwenye kuuacha ndo pagumu. Kama kuna baridi unakaa masaa mawili, kama jua kali dakika arobaini unaukuta umeshafika ukingoni mwa bakuli unataka kumwagika, na hakuna saa ya kukwambia, unaangalia mapovu. Halafu sufuria unaipaka samli, unaipasha, unamimina, moto wa chini mdogo. Unasubiri vitundu vitokee juu kama sifongo, ndo unafunika na kupalia makaa juu ya mfuniko. Ukipalia mapema unapata ngozi nyeusi juu na uji katikati. Ukichelewa unapata kitu kigumu ambacho hata kuku anakiangalia mara mbili.

Mtoto yule alikuwa na mkono. Mimi nimepika huu mkate tangu kabla ya Azimio la Arusha na nakiri, wa kwake ulikuwa unanishinda. Alikuwa anainamisha sikio kwenye sufuria kusikiliza. Nikamuuliza unasikiliza nini, akasema "bibi, ukikaribia kuiva unanyamaza." Nimepika miaka yote hiyo sikuwahi kujua kwamba mkate unanyamaza. Nilisikiliza, kweli unanyamaza.

Basi akawa anapika Ijumaa, anakata vipande, anapeleka nyumba hadi nyumba kwenye sahani iliyofunikwa kitambaa. Sahani ikirudi inarudi na kitu, ndimu, au visheti, au hata maneno mazuri tu. Furaha aliyokuwa nayo mtoto yule kubeba zile sahani, mliiona wenyewe.

Halafu mkaanza. "Mbona huuzi?" "Dada hii ni fursa!" "Ungekuwa na peji ungekuwa mbali." Kila aliyekula kipande cha bure alimlipa kwa ushauri. Na mimi sijitoi, mimi nilinyamaza, na mtu mzima akinyamaza watoto wanaelewa kakubali.

Akafungua peji. Akatengeneza na nembo. Mkate wa kumimina ukaonekana wa kishamba, watu wanataka keki za bethdei zenye maua ya sukari na picha ya mtoto juu, kitu ambacho yeye wala hakipendi kukila. Akakopa laki nne kwenye ile mikopo nyie wenyewe mnaiita kausha damu, marejesho kila siku, akakopa kwengine kulipa ile ya kwanza. Umeme ukikatika keki imo ndani ya oveni, imekwenda hiyo, mwenye sherehe anataka hela yake. Anapokea simu usiku, anatukanwa na watu asiowajua. Ikafika siku nikamwambia njoo Ijumaa tupike wa kwetu, akaniambia "bibi, mimi harufu ya hamira sasa hivi inanitia kichefuchefu."

Hapo ndo nilipolia. Friji zinanunuliwa nyingine.

Sasa nisikilizeni vizuri msije mkasema bibi anapinga maendeleo. Sikatazi kuuza. Mimi miaka ya themanini mshahara ukichelewa nilikaanga vitumbua kila alfajiri kabla ya kwenda shule, nikavibeba kwenye ndoo, na hela ile ndo imesomesha baba zenu. Lakini nilijua vitumbua ni kazi. Niliviamkia kama kazi, nilivichukia kama kazi, na Jumapili sikutaka kuviona. Mkate wa kumimina ulibaki wa kwetu. Mtu maskini ndo anayehitaji zaidi kuwa na kitu kimoja ambacho hakipigiwi hesabu, maana vingine vyote vinapigiwa.

Na lawama zote siwatupii nyie. Vijana mmemaliza vyuo mna vyeti kwenye mafaili ya plastiki, kazi hakuna, halafu anakuja mtu kavaa suti anakodi ukumbi, mnalipa kiingilio, anawaambia geuzeni vipaji vyenu kuwa pesa. Mkitoka nje nauli hamna. Mwenye fursa pale ni nani kama si yule aliyeuza tiketi? Nchi ikikosa kuwapa watoto kazi, basi iwaambie ukweli kwamba kazi hakuna, isiwaambie kwamba kosa ni lao kwa kuwa wanapika mkate na kuula.

Haya. Na si kupika tu, hata kutembea siku hizi kunapigiwa hesabu.

Mjukuu wangu mmoja alikuja likizo na saa mkononi ya kuhesabu hatua. Nikamwambia twende tukapunge upepo, tukatoka baada ya alasiri, mimi na mwendo wangu wa kobe, tukavuka reli, tukaelekea bustani ya Jamhuri pale juu ya bandari, tukae tuangalie meli na kile kisiwa cha Toten. Njia nzima anaangalia mkono. Tumefika, bahari iko mbele yake, jua linashuka, anazunguka lile benchi. Namuuliza vipi, anasema zimebaki mia nane zitimie elfu kumi. Baadaye nikaja kusoma kwamba hizo elfu kumi asili yake ni kifaa cha kuhesabu hatua walichokuwa wakiuza Wajapani mwaka 1965, jina lake lenyewe maana yake ni kipima hatua elfu kumi. Yaani mjukuu wangu anazunguka benchi Tanga kwa sababu ya tangazo la biashara la zamani kuliko mama yake!

Nikamsimulia habari za babu yake mkuu. Baba yangu alikata mkonge. Nyie mkonge mnauona kwenye nembo na picha tu, ila mji huu umelelewa na mkonge, miche ililetwa na Mjerumani mwaka 1893, mwaka huohuo walioanza kujenga reli. Mkata mkonge alikuwa anahesabiwa kila kitu. Majani 30 ni tita moja, matita yanapangwa, mnyapara anapita anahesabu, likipungua jani tita halikubaliwi. Siku za kazi nazo zinaandikwa kwenye kipande, yaani kadi yake ya kazi. Mikono yake ilikuwa na makovu ya miiba mpaka kwenye kiwiko. Mtu huyo Jumapili alikuwa anavaa shati jeupe, ananishika mkono, tunatembea. Hatuendi kokote. Nikimuuliza baba tunakwenda wapi, anasema "tunatembea." Nikimuuliza ni mbali gani, anasema "leo sihesabu." Nilikuwa mdogo nikaona ni jibu la mtu mchovu. Nimeshakuwa mzee ndo nimelielewa, na mjukuu wangu nilipomaliza kusimulia alinyamaza kidogo halafu akaniuliza "kwahiyo alikuwa anatembea kama hatua ngapi?"

Nilicheka, ningefanyaje.

Lakini jamani, tembeeni. Najua njia za kando hazipo, na zilizopo wamepanga viatu vya mtumba na bodaboda wanapita humohumo, mzee kama mimi natembea shingo imegeuka nyuma kama bundi. Hilo nimelisema kwenye mkutano wa mtaa mara kadhaa, wananiandika kwenye daftari, daftari linafungwa. Hata hivyo tembeeni. Pitieni Raskazone maji yakiwa yametoka, muone kina mama wanavyoinama kuokota chaza, mnuse ule ukakasi wa matope ya bahari. Hiyo haina kiingilio.

Kuhusu wanyama nitasema kwa ufupi maana hasira inapungua na chai inapoa. Paka wangu anaitwa Karani kwa sababu kila nikifungua makaratasi anakuja kuyakalia, hata barua hii kaikalia mara mbili. Hana kazi yoyote, panya anawaangalia tu kama wapangaji. Juzi kijana mmoja kaniambia "bibi huyu paka anachekesha, tumfungulie akaunti." Nikamfukuza barazani! Mnyama kakulalia miguuni, anakoroma, ana joto lake, wewe unatafuta mwanga mzuri. Na wale mnaowamwagia maji ya moto paka wa jikoni kwa watu, na mnaowatupia mawe mbwa wa mtaani kwa kujifurahisha, nimewaona, majina ninayo, mama zenu nimewafundisha.

Kunguru nao. Najua ni waharibifu, waliletwa Zanzibar zama za Waingereza ili wale taka, wakala na vifaranga vyetu pia. Lakini kuna mmoja ana bawa moja limepinda, kila nikikata mkate anatua ukutani, nikimtupia ganda la chini lililoungua analichovya kwenye beseni la kuku kwanza, lilainike, ndo anakula. Nimekaa nikamwangalia robo saa nzima. Na msiwadharau viumbe wa Tanga, mwaka 1914 Waingereza walishuka hapa na maelfu ya askari kutoka India, Mjerumani na askari wake wachache wakawashinda, na nyuki wakatoka kwenye mizinga wakawachoma watu katikati ya risasi, mpaka leo wenyewe Waingereza wanaviita vita vya nyuki. Sisemi nyuki ndo walishinda. Nasema walikuwepo.

Mengine nayaandika tu, mtajaza wenyewe. Rudisheni sahani za watu. Jueni jina la mti ulioko mbele ya nyumba yenu. Kaeni barazani magharibi hata dakika kumi bila simu. Chapati za kununua si dhambi, ila jueni kusukuma. Mgonjwa mpelekeeni uji, msimtumie emoji. Mtoto akichora, msimwambie atakuwa msanii mkubwa, mwambieni achore tena. Na kama mtu amekukaribisha kwake ukala ukashiba, sema ahsante, ishia hapo.

Na nyie mliochukua video ya friji, mzifute. Mama yake anaziona.

Nimekwenda kwao wiki iliyopita, sikwenda na ushauri, nilibeba kikombe nikaomba sukari ingawa nyumbani ninayo. Tukakaa. Hatukuzungumza habari za deni, tulimzungumzia Karani kwamba siku hizi analala ndani ya ungo wa mchele. Alicheka kidogo, kile kicheko chake cha puani. Ninavyoondoka akaniuliza kama bado natumia hamira ileile ya chenga, nikamwambia ndiyo ila siku hizi mkate wangu hauivi vizuri, sijui kwa nini, masikio yangu nahisi yameanza kuzeeka. Hakujibu.

Mchele naloweka Alhamisi usiku kama kawaida. Atakayekuja Ijumaa aje na nazi moja, simu ataiacha kwenye kapu la vitunguu pale mlangoni. Na yeye akija msimuulize kitu, msimwambie karibu tena kwenye mambo yako, mpisheni tu akae upande wa jiko, mkae kimya mkate ukikaribia.

Bibi yenu,
mwalimu mstaafu