Ndugu yangu, tuamulie shairi namba 41

Ndugu yangu mpenzi,

Salamu nyingi sana. Mimi ni mzima, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali. Barua yako ya mwisho bado iko hapa mezani, sijaijibu, na mle ulinieleza habari za mgongo wa mama nami nikanyamaza kama sikusoma. Nilisoma. Unisamehe. Nitakujibu yote kwa kituo wiki ijayo, hata lile la mdogo wako na kazi yake mpya. Leo naandika usiku kwa sababu kuna jambo limenikaa kooni, na wa kulitoa ni wewe.

Ni lile shindano la Mwalimu wetu wa shule. Unakumbuka tulivyobaki nje sisi wanne baada ya kumzika, tukasema huyu mtu asikumbukwe kwa jiwe tu, watoto wa shule watunge mashairi kwa jina lake. Neno "mashairi" lilitoka kinywani mwako. Kaka Mrefu alikuwa anataka kombe la mpira. Basi shindano limefika. Yameletwa mashairi 64, yameandikwa kwa mkono, kila moja na namba yake, na majina tumeyafungia kwenye bahasha ili asijulikane mtoto wa nani. Majaji ni mimi na Binti Mwalimu. Ulipaswa kuwa wa tatu, ukasema uko mbali. Nilikubali wakati ule. Sasa sikubali tena.

Masharti tuliyaweka wenyewe: tarbia, yaani mishororo minne kila ubeti, beti 5 hadi 7, mizani (silabi) 16 kwa kila mshororo, nane ukwapi, kipande cha kwanza, na nane utao, kipande cha pili, vina vya kati na vya mwisho. Na mada moja, "Kumkumbuka Mwalimu Wetu". Mada hiyo niliiandika mimi, na ndipo penye kosa. Watoto hawa wana miaka 10, 12, 14. Mwalimu alistaafu kabla hawajazaliwa. Tumewapa wamkumbuke mtu ambaye hawakuwahi kumsikia hata akikohoa.

Wakafanya walichoweza. Humo Mwalimu ni taa, ni nguzo, ni lulu, ni mshumaa ulioungua ukituangazia sisi. Taa peke yake imetajwa katika zaidi ya nusu ya mashairi. Vina vimekaa, mizani imetimia, na kuna watoto wenye sikio zuri kabisa. Utamsikia mmoja anavyogeuza "mwangaza" na "kuangaza" ukasema huyu atafika mbali. Lakini nilipofika kama la 20 machozi yalinitoka, maana nimesoma yote hayo na Mwalimu mwenyewe sijamwona hata mara moja. Yuko wapi yule aliyekuwa akivua kiatu kimoja wakati wa kusahihisha madaftari? Yuko wapi aliyekuwa akihesabu mizani zetu kwa kugonga ukucha kwenye kioo cha saa yake, tik, tik, tik, na ukizidisha silabi moja anasimamisha kidole hewani darasa zima linakutazama? Watoto hawana hatia. Sisi ndio tulioweka mlango wa kuingilia sifa, na wao wakapita humo kwa adabu.

Halafu nikafika namba 41. Soma mwenyewe ubeti wa kwanza:

Mwalimu sikumuona, nami kwake si shahidi,
Yule niliyemuona, ni mzee mkaidi,
Asubuhi na mchana, Kengele yake hurudi,
Sasa tunaulizana, nani atabisha hodi?

Ni mzee wa kengele, ndugu yangu! Amefariki mwaka huu huu, na hakuna aliyefikiria shindano lake. Mtoto anaendelea hadi ubeti wa sita kwa vina hivyo hivyo, na na di, na na di, mtiririko hadi mwisho, na kila ubeti unafungwa na swali lile lile. Anatueleza jinsi mzee alivyokuwa akiitazama saa kisha akalitazama jua, na akikuta havikubaliani, anafuata jua. Anatueleza alivyokuwa akichelewesha kengele kidogo mvua ikinyesha ili wale wanaotoka mbali wafike. Hilo la mvua lilinisimamisha. Sisi tulipita mikononi mwa mzee yule miaka saba na sikuwahi kulijua. Wewe ulilijua?

Nikampa alama za juu kuliko wote. Binti Mwalimu akampa sifuri.

Tusimwonee. Nimeyatafakari maneno yake siku tatu. Alisema, kwa sauti ya chini kabisa, "Hili ni shindano la baba yangu. Siku ya kutoa zawadi nitakaa mbele, mama atakaa pembeni yangu, na shairi la kwanza litaanza kwa kusema Mwalimu sikumuona." Ungesema nini hapo? Nilijaribu. Nilimkumbusha utenzi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, mama ambaye maradhi yake yametimiza mwaka anamwita binti yake asogee, aketi na wino na karatasi. Mpaka leo tunamwona mama yule na binti yule, kwa sababu wino na karatasi vimo. Nikamkumbusha Shaaban Robert alivyomlilia mkewe Amina, alivyomfananisha na ua lililofunga baada ya kuchanua. Kilio cha mtu aliyelala na kuamka na anayemlilia. Nikasema maombolezo yanataka shahidi, na mtoto huyu ameanza kwa kukiri kwamba kwa Mwalimu yeye si shahidi. Binti akanijibu, "Hao walimwandikia wa kwao. Huyu amekuja kwenye msiba wangu akamlilia mwingine." Nikanyamaza. Bado sina jibu zuri la neno hilo, na simlaumu aliyelisema.

Kisha akaongeza la pili, nalo ni la haki kwa masharti yetu. Ubeti wa tatu una guni, kosa la mizani. Nimehesabu kwa vidole, nimehesabu kwa kuimba, ni kweli: "Siku aliyokosekana, tulichelewa zaidi." Ukwapi una mizani tisa. Si-ku-a-li-yo-ko-se-ka-na. Moja imezidi. Sasa wewe na mimi tunajua dawa yake, Mwalimu alitufundisha tukiwa wadogo kuliko mtoto huyu: inkisari, kulifupisha neno. Angeandika "Siku alokosekana", mizani nane, safi, hakuna wa kumgusa. Nadhani mtoto alilijua neno moja tu, lile la sarufi analosahihishiwa kila siku darasani, akaogopa kulikata. Watoto wetu wanafundishwa kuhesabu mizani kwa macho, kwenye karatasi. Wangefundishwa kughani, ulimi wenyewe ungejikwaa hapo pa tisa na ungetafuta njia. Ushairi huu ulikuwa wa kuimbwa kabla haujawa wa kuandikwa. Hesabu ya mizani ni hesabu ya pumzi. Mwalimu asingemwacha mtoto apeleke shairi ambalo hajaliimba, unajua hivyo.

Msaidizi wetu wa kunakili alishauri tulirekebishe kimyakimya, nani atajua. Nilikataa papo hapo. Silabi ile ni ya mtoto. Kama ni kosa, akosolewe yeye, aambiwe kwa nini, aikate kwa mkono wake.

Narudi kwenye kiini. Iko siku moja ambayo naikumbuka na Binti haiamini, kwa kuwa hakuwepo, na mimi nilikuwa dawati la nyuma sikusikia yote. Ile siku alipokuja mgeni rasmi, wewe ukachaguliwa kutunga shairi la kumkaribisha. Ulimsifu yule bwana beti tano, hekima yake, ukarimu wake, na sote tulijua umepatia. Mwalimu alikuita mbele. Ninavyokumbuka mimi, alikuuliza, "Mgeni huyu umemjua lini?" Ukasema hujamjua. Akakurudishia karatasi. Baadaye ulisoma jingine kabisa, lile la watu waliofagia uwanja tangu alfajiri, na mgeni akacheka kwa furaha akataka kuwaona hao wafagiaji. Je, ndivyo ilivyokuwa? Au nimeishona mwenyewe kwa miaka mingi ya kuisimulia? Kuna maneno alikuambia pale mbele kwa sauti ndogo kabla ya kukupa ile karatasi, na hukuwahi kutuambia. Nilikuuliza mara moja tukirudi nyumbani, ukapiga teke jiwe ukaanza habari nyingine.

Ndiyo haja yangu. Naomba uandike siku ile, kama ilivyokuwa, hata ikiwa inanipinga mimi. Usimwandikie Binti hoja. Hoja amezisikia kwangu zimemchosha. Mwandikie alivyosimama baba yake, alivyoshika karatasi, alichosema. Nadhani akimwona baba yake akimrudishia mtoto shairi la sifa, atalisoma namba 41 upya. Na kama hatalisoma upya, basi angalau atakuwa amepata kitu cha baba yake ambacho hakuwa nacho, na hicho peke yake kinatosha mimi kukusumbua usiku huu.

Pia nimefikiria mambo mawili matatu yasiyokamilika. La kwanza, mwakani mada ibadilike, mtoto aandike mtu aliyemwona kwa macho yake, na jina la Mwalimu libaki kwenye shindano lenyewe. La pili, sisi tuliomjua tuandike kurasa chache, kila mmoja jambo moja, kiatu, saa, ukucha, na wasomewe watoto kabla ya kutunga. Tumewaficha mtu halafu tunashangaa wametuletea taa. La tatu lilikuwa kutoa zawadi mbili, moja kwa namba 41 na moja kwa lile namba 9 ambalo Binti analipenda, lenye vina visivyo na doa. Lakini naona hapo tutakuwa tumekwepa kuamua, na Mwalimu alikuwa... hapana, nisimtumie Mwalimu kwa kila ninachokitaka. Wewe sema.

Bahasha za majina bado zimefungwa. Sijui mtoto huyo ni wa kiume au wa kike. Najua tu kwamba "kengele" anaiandika kwa herufi kubwa kila mahali, na kwamba ubeti wa mwisho aliufuta akauandika tena mara mbili. Karatasi imechakaa hapo.

Jumapili ndiyo siku ya zawadi, na Binti amekubali kusubiri hadi Alhamisi jioni. Nimemwambia unaandika. Je, utaandika? Utaweza kuwa jaji wa tatu kwa namba 41 na namba 9 tu, nikikutumia nakala kesho? Wewe ungeikata alama guni moja katika mishororo 24, na kama ungeikata, kiasi gani? Unadhani nimzungumzie mama yake Binti kabla, au nitakuwa namzunguka? Je, watoto wa mzee wa kengele wako wapi siku hizi, ulisema mmoja ulikutana naye? Ningependa wakae mbele na wao, lolote litakaloamuliwa. Na lile swali la zamani, ndugu yangu: alikuambia nini pale mbele?

Msalimie mama, mwambie nimeuliza mgongo wake kwanza kabla ya yote. Watoto nao wasalimie.

Ni mimi wako wa dawati la nyuma.